Kuosha na Kutunza Spika za Plastiki Pwani: Mwongozo Kamili kwa Ma-DJ wa Mombasa

Kila msimu wa harusi ukipita, swali linarudi: "Spika nimeziosha vizuri, mbona wiki mbili tu zimepauka tena na wavu wa mbele umeshika kutu?" Ukiuliza zimeoshwa na nini, jibu nalo halibadiliki: maji ya kisima, sabuni ya unga, halafu dawa ya kung'arisha tairi juu yake. Kwenye picha ya WhatsApp spika inang'aa. Chini ya huo mng'ao, chumvi iko pale pale.

Bara, adui wa spika ni vumbi. Huku kwetu adui ni chumvi. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa hadi ikayeyuka yenyewe pindi unyevu unapopita kama asilimia 75, na usiku wa Mombasa hufika hapo bila taabu. Kwa hiyo spika iliyokesha ikipigwa na upepo wa bahari Bamburi au Nyali haikauki kikweli. Inabaki na utando mwembamba wa maji ya chumvi unaotafuna skrubu, wavu na soketi za nyuma. Ukipaka mafuta juu ya utando huo hujauondoa, na mchanga sasa umepata pa kunatia.

Kazi yako, basi, ni kuitoa chumvi. Kung'arisha ni hiari, na huja mwisho kabisa.

Mwongozo huu ni wa spika zenye boksi la plastiki, ziwe na amplifaya ndani au zisiwe nayo. Za mbao zina taratibu zake.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote pamoja kabla hujagusa skrubu hata moja. Kuacha wufa (spika kubwa ya sauti nzito) wazi huku unakwenda dukani kutafuta brashi ndiko kunakoleta ajali za watoto na paka.

- Brashi mbili laini: ya kupakia rangi, pana na mpya, kwa boksi, na ya vipodozi au ya kuchorea kwa koni (ule utando wa spika unaotetemeka kutoa sauti).
- Mswaki wa zamani, laini.
- Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua vinne. Matambara ya fulana yanafaa, ila hakikisha hayana zipu wala vifungo.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ya unga iache: chembe zake zikibaki kwenye mikunjo ya plastiki hukauka nyeupe.
- Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia.
- Maji yasiyo na chumvi (soma hapa chini).
- Spiriti safi aina ya isopropili, yenye kiwango cha juu kadiri utakavyoipata.
- Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile ya kopo la kupuliza inayouzwa kwa mafundi wa elektroniki. Ile ya kulegezea skrubu zenye kutu siyo hii: huacha mafuta, na mafuta hushika vumbi.
- Bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye skrubu za spika yako. Nyingi ni za msalaba au za nyota. Ikiingia kwa kulazimisha, si yake.
- Vyombo vidogo vya kutilia skrubu, na simu ya kupigia picha.
- Ukiwa na kutu: msasa laini namba 400, praima ya chuma na rangi nyeusi isiyong'aa ya kupuliza.

### Habari ya maji

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi bila kujua. Visima vingi vya kisiwani na vya mwambao vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha spika kwa maji hayo unaondoa chumvi ya bahari na kuacha ya kisima. Onja kidogo: ukihisi ladha, hayafai kwa kusuuzia.

Ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua kuosha mabati ni mazuri sana. Ya mfereji yasiyo na ladha yanatosha. Kwa kupangusa mara ya mwisho, na hasa sehemu za karibu na viunganishi, nunua maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Lakini soma chupa kwanza: yapo maji ya betri na ipo asidi ya betri, na kwenye rafu za vituo vya mafuta hukaa jirani. Asidi itakuunguza wewe kabla ya kuiunguza spika.

### Vitu vya kuweka mbali

Petroli, thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha: boksi likiwa la ABS (aina ya plastiki ngumu), vitu hivi huyeyusha ngozi ya plastiki au kuiacha na nyufa ndogo zitakazoonekana baadaye. Jiki hula chuma na kufifisha rangi. Mafuta ya taa huacha utando na harufu ambayo mama wa bibi harusi ataisikia kabla ya muziki wako. Mashine ya kuoshea magari kwa nguvu, usiisogeze hata karibu. Spika nyingi za plastiki hazikuundwa kuzuia maji yanayosukumwa, na maji yakishapita kwenye wavu, koni ya karatasi haina pa kukimbilia.

## Hatua ya 1: Zima, chomoa, acha ipoe

Chomoa waya wa umeme ukutani na kwenye spika pia, usiishie kuzima swichi. Spika zenye amplifaya hubaki na umeme ndani ya kapasita (vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme) hata baada ya kuchomolewa. Hutafungua paneli ya nyuma katika kazi hii. Hiyo ni ya fundi.

Fanyia kazi kivulini. Plastiki nyeusi iliyolala juani hukausha sabuni kabla hujaifuta, na michirizi yake itakupa kazi ya pili. Baraza au ukumbi wenye upepo mwembamba ndipo mahali pake. Epuka upande unaovuma moja kwa moja kutoka baharini.

## Hatua ya 2: Mchanga kwanza, ukiwa mkavu

Usianze na kitambaa kibichi. Spika iliyotoka ufukweni ina punje za mchanga zilizojificha kwenye mikunjo na kwenye umbile gumugumu la plastiki. Ukipitisha kitambaa unazisaga juu ya boksi kama msasa, na mikwaruzo hiyo haitoki.

Simamisha spika, uipige brashi kavu kutoka juu kwenda chini: mpini, pembe, ukingo wa wavu, miguu ya mpira. Igeuze ubavu mmoja, kisha wa pili. Kwenye mapezi ya kupozea na tundu za hewa za nyuma tumia mswaki, na kama una mashine ya kufyonza vumbi, iweke mdomo wake karibu wakati unapiga brashi. Spika ikiwa na feni, izuie isizunguke kwa kijiti cha mbao. Kuizungusha kwa upepo mkali huichosha.

Upepo wa kompresa ya gereji nauonea shaka. Hutoka na maji na mafuta kutoka kwenye tangi, na nguvu yake yaweza kuchana koni au kusukuma mchanga ndani zaidi.

Umefaulu ukipitisha kiganja juu ya boksi na husikii punje hata moja.

## Hatua ya 3: Kuvua wavu

Piga picha ya kila upande kabla ya kufungua. Skrubu za juu na za chini huenda si za urefu mmoja, na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua plastiki.

Spika isimame wima. Ukiilaza chali, kila kinachoponyoka mkononi kitaangukia koni. Anza skrubu za chini, malizia za juu huku mkono mwingine umeshika wavu.

Sasa angalizo ambalo fundi hulisema baada ya hasara: nyuma ya wufa kuna sumaku kubwa. Bisibisi ya chuma ikikaribia mbele ya koni huvutwa ghafla, na ncha yake hutoboa karatasi. Wavu ukishatoka, bisibisi iende mezani.

Skrubu ikigoma kwa kutu, usiitumie nguvu hadi kichwa kikaliwa. Tia tone moja la mafuta ya kulegezea kwa kijiti, subiri nusu saa, kisha ijaribu kwa kukaza kidogo kwanza ndipo uilegeze. Futa mafuta yote baadaye.

## Hatua ya 4: Wavu na sponji yake

Wavu ndiyo sehemu pekee ya spika unayoweza kuiosha kwa maji mengi, na hapa usione haya. Ulaze ndani ya karai la maji ya sabuni ya uvuguvugu, uusugue kwa mswaki pande zote mbili, usuuze mara mbili kwa maji yasiyo na chumvi. Upige mtikisiko, uukaushe kwa kitambaa, kisha usimamishe kivulini mpaka matundu yote yawe makavu.

Sponji nyembamba iliyo nyuma yake ichunguze kabla ya kuiosha. Ifinye kidogo kwenye kona. Ikirudi ilivyokuwa, ni nzima: ikande taratibu ndani ya maji ya sabuni, usiikamue kwa kuipinda, isuuze, iweke juu ya taulo. Ikimeguka au kuacha unga mweusi mkononi, imeoza. Joto na unyevu huvunja sponji ya aina hii, na hakuna sabuni itakayoifufua. Bandua, nunua nyingine yenye vinyweleo vya wazi, yaani unaweza kupuliza hewa kwa mdomo ikapita. Sponji ya godoro ni nzito. Itakula sauti za juu na wateja watasema twita (spika ndogo ya sauti za juu) imekufa.

### Kama kuna kutu

Isugue kwa msasa hadi chuma king'ae, futa vumbi kwa spiriti, puliza praima, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha rangi nyeusi. Puliza tabaka jepesi mara tatu kuliko zito mara moja. Zito huziba matundu. Sponji isirudishwe kabla harufu ya rangi haijaisha.

Kutu ya skrubu haina haja ya kubembelezwa. Skrubu ni bei ndogo. Badilisha kwa zile zisizoshika kutu, unene ule ule na urefu ule ule. Chukua moja ya zamani uende nayo dukani.

## Hatua ya 5: Koni na honi

Hapa mkono uwe mwepesi.

Koni ya wufa mara nyingi ni karatasi iliyotiwa dawa. Ni brashi laini tu, kavu, kutoka katikati kwenda nje. Usibonyeze kile kikofia cha katikati. Usipake chochote kwenye ukingo wake wa kitambaa; wako wanaoupaka mafuta "uwe laini", na wanaubadilishia uzito na sauti.

Mdomo wa honi, ile tarumbeta inayotoa sauti ya twita, ni plastiki, kwa hiyo kitambaa kilichokamuliwa sana kinafaa. Ishia kwenye mdomo. Ndani kooni kuna kiwambo chembamba mno, na pamba ya masikio unayoisukuma huko itakugharimu twita nzima.

Chungulia kwa tochi ndani ya matundu ya besi. Spika zilizokaa stoo hupata wapangaji: mende, buibui, na nyigu wa udongo wanaopenda sana mashimo ya namna ile. Toa kwa koleo ya plastiki, si kwa kupuliza dawa ya wadudu, ambayo ina mafuta na hulowesha karatasi.

## Hatua ya 6: Boksi lenyewe

Matone machache ya sabuni kwa lita moja ya maji. Chovya kitambaa, kikamue hadi kisidondoke hata tone. Sheria ni moja tu: maji yaende kwenye kitambaa, yasiende kwenye spika. Usipulize chupa ya maji moja kwa moja kwenye boksi.

Anza juu ushuke. Plastiki yenye chembechembe iendee kwa brashi iliyolowa kidogo, kwa kuzungusha, kisha ifuatishe kitambaa mara hiyo hiyo. Suuza kwa kitambaa cha pili chenye maji safi, na badilisha maji yakianza kuwa na wingu. Halafu pitisha kitambaa cha tatu chenye maji ya kutoneshwa. Malizia na kikavu. Ukikiruka hicho kitambaa cha tatu umefanya usafi wa bara.

Usilisahau tundu la chini la kusimamishia stendi. Kwa kawaida ni la milimita 35, na mchanga unaokaa humo hulitanua kidogo kidogo hadi spika inaanza kuyumba juu ya vichwa vya watu. Lifute kavu, usilitie mafuta.

### Madoa yanayojirudia

*Gundi ya selotepu.* Mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa, subiri dakika chache, pangusa, osha kwa sabuni. Au spiriti, lakini ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

*Soda, sharubati na mchuzi wa biriani.* Maji ya uvuguvugu na subira. Sukari ikikauka usiikwangue. Weka kitambaa kibichi juu yake mpaka ilainike.

*Hina.* Ikiwahiwa hutoka kwa sabuni. Ikilala, spiriti hupunguza. Baada ya hapo, kubali kuwa spika yako imehudhuria harusi.

*Weupe wa kupauka.* Hapa lazima utambue kwanza. Pangusa kwa kitambaa kibichi, acha pakauke kabisa. Weupe usiporudi, ilikuwa chumvi au vumbi. Ukirudi, ni jua: miale yake imevunja ngozi ya juu ya plastiki, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Dawa ya kurudishia rangi ya plastiki za nje za gari husaidia kwa muda, mradi iwe ile inayokauka na isiyonata. Dawa ya tairi na kiwi ya viatu huishia kwenye suruali za vijana wako wa kubeba.

## Hatua ya 7: Soketi za nyuma

Waya wa umeme uwe umechomolewa, narudia. Puliza dawa ya viunganishi kidogo ndani ya soketi za XLR (za waya wa maikrofoni na mikisa) na Speakon (za waya wa spika), kisha ingiza na uchomoe plagi mara kadhaa ili iisugue. Kwa vitufe vinavyokwaruza sauti unapovizungusha, puliza pembeni ya kitufe na ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Hiyo mikwaruzo kwa kawaida ni uchafu au oksidi, si kifo cha amplifaya, na hapo wengi wametozwa fedha za bure.

Acha wazi saa nzima kabla ya kuwasha. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini za shaba au dalili ya kuungua kwenye soketi ya umeme, hiyo haisafishwi. Inabadilishwa na fundi.

## Hatua ya 8: Kurudisha na kujaribu

Skrubu ziingizwe zote kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe kwa kupokezana pembe kwa pembe. Ukisikia zimeshika, simama. Plastiki haina ubishi na bisibisi. Nyuzi zake hukatika kimya.

Washa sauti ikiwa chini. Tumia programu ya simu inayotoa toni, panda taratibu kutoka hezi 60 hadi 300. Mtetemo wa bati ni wavu au skrubu. Mkwaruzo unaofuata mwendo wa koni ni mchanga ulioingia kwenye koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni), na hapo zima; ukiendelea unaichimba.

Umefaulu ikiwa toni ni safi, kitambaa cheupe kilichopitishwa kinatoka cheupe, na asubuhi ya pili boksi halinati mkononi.

## Lini ufanye nini

Kazi ya ufukweni: usilale bila kupangusa boksi na wavu kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kukausha. Dakika kumi kwa spika. Ikishindikana usiku ule, asubuhi yake.

Kuvua wavu na kuosha kikamilifu inategemea kazi zako. Mtu wa kumbi za ndani huko Majengo au Tudor anaweza kungoja miezi mitatu. Mwenye kazi za pwani kila wikendi, mwezi mmoja. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, fupisha muda huo zaidi, kwa sababu upepo unatoka baharini ukiwa na nguvu na mvua za masika nazo zimo ndani yake.

Kwenye stoo, spika zisikae juu ya saruji. Ziinue kwa mbao. Mifuko yake iwe ya kitambaa kinachopumua. Nailoni hutoa jasho kwa ndani, na kufunika spika yenye unyevu ni kufuga ukungu. Mkifunga mizigo kwenye pikapu kuvuka Likoni, turubai liwe juu ya kila kitu, na kamba isipite mbele ya wavu.

Jambo moja la hotelini: spika iliyokaa masaa ndani ya ukumbi wenye kipoza hewa, ukiitoa ghafla bustanini, hutokwa na umande hadi ndani. Ipe nusu saa ipate joto la nje kabla ya kuiwasha.

## Ukikuta ufa

Tafuta alama ndogo iliyochapwa kwenye plastiki, mara nyingi ndani au chini: PP au ABS. Ni muhimu, kwa sababu PP ni polipropilini na gundi za dukani, ile ya matone na ile ya kuchanganya, haziishiki ipasavyo. Itakauka, utafurahi, na itabanduka kwenye shughuli ya kwanza. PP huchomelewa kwa joto na ufito wa plastiki ya aina ile ile. Mafundi wanaorekebisha bampa za magari wanaijua kazi hii, maana bampa nyingi ni za jamii hiyo hiyo. Mwambie avue wufa na amplifaya kabla ya kuleta joto. ABS hukubali gundi ya kuyeyusha plastiki.

Ufa wa ubavuni ukishachomelewa spika inaendelea na kazi. Ufa wa kwenye mpini, kwenye tundu la stendi au kwenye sehemu za kuning'inizia ni habari nyingine: hata ukichomelewa vizuri, spika hiyo haipandi tena juu ya stendi wala hainingʼinizwi. Iweke sakafuni iwe monita ya MC, yaani spika yake ya kujisikilizia.